Kama Waelfi hawafi, lugha zao zilibadilikaje?

Tuanze na fumbo. Ukimuuliza mwanaisimu kwa nini lugha hubadilika, mojawapo ya majibu ya kwanza atakayokupa ni watoto. Mtoto harithi lugha kama anavyorithi shamba. Anaisikia kwa watu, halafu anaijenga upya mwenyewe kichwani, na katika kujenga huko kuna kitu kidogo hupinda: sauti moja inalegea, neno moja linapata maana mpya. Bibi akifariki anaondoka na matamshi yake. Zidisha hilo kwa vizazi arobaini, utapata lugha ambayo mhenga wa kwanza asingeielewa.

Sasa ondoa kifo. Chukua watu wasiozeeka wala kuugua. Bibi wa bibi yako yupo, ana nguvu zake, na jioni mnakaa naye barazani mnapiga soga. Je, lugha ya watu hao ingebadilika? Na kama ndiyo, kingeibadilisha nini?

Swali hili limo ndani ya hadithi za J.R.R. Tolkien, na yeye mwenyewe lilimsumbua. Watu hao ni Waelfi (Elfi mmoja, Waelfi wengi, usichanganye na elfu, ingawa umri wao kweli ni wa maelfu). Kama umetazama filamu za The Lord of the Rings unawajua: wale warefu, mahodari wa upinde, wanaoongea kama wanaimba. Hebu tupite historia yao haraka, kisha tulirudie fumbo letu.

Lugha kwanza, hadithi baadaye

Tolkien alizaliwa Bloemfontein, katika Afrika Kusini ya leo, mwaka 1892, akakulia Uingereza. Kazi iliyompa mkate haikuwa riwaya. Alikuwa mtaalamu wa historia ya lugha. Mwaka 1919 na 1920 alifanya kazi kwenye kamusi kubwa ya Oxford akichimba asili ya maneno yanayoanza na W, na kuanzia 1925 akawa profesa hapo Oxford. Mtu wa namna hii akiona neno, anawaona na mababu zake.

Tangu ujana alikuwa anabuni lugha. Moja, Kiquenya (tamka Kikwenya), aliipa ladha ya Kifini. Nyingine, Kisindarin, aliipa ladha ya Kiwelshi, lugha ya watu wa Wales. Lakini hakutaka lugha mbili zisizojuana. Alitaka zitoke kwa mzazi mmoja, na zitofautiane kwa kanuni unazoweza kuziandika ubaoni. Hapo ndipo shida ilipoanza, kwa sababu lugha haziachani hewani. Zinaachana kwa kuwa watu wameachana. Basi ikabidi wawepo watu, wafalme, safari na ugomvi. Katika barua zake Tolkien alieleza kwamba hadithi zilitungwa ili lugha zipate ulimwengu wa kuishi, wala si kinyume chake. The Hobbit kilitoka 1937, The Lord of the Rings 1954 na 1955, na The Silmarillion, chenye historia yenyewe ya Waelfi, kilitolewa na mwanawe Christopher mwaka 1977, miaka minne baada ya baba yake kufariki.

Safari iliyozaa lugha

Waelfi waliamka kando ya maji ya Cuiviénen, mashariki ya mbali ya Dunia ya Kati, kabla jua na mwezi havijakuwapo. Kitu cha kwanza walichoona ni nyota. Wakajiita Quendi, yaani wenye kusema, kwa sababu hawakuwa wamekutana na kiumbe mwingine yeyote anayesema. Ona hilo: jina la kwanza la taifa zima linatokana na lugha.

Kisha Valar, wale wakuu wanaoilinda dunia kwa niaba ya Muumba, wakawaita wahamie ng'ambo ya bahari ya magharibi, Valinor, nchi iliyoangazwa na Miti Miwili. Wengine walikataa kabisa. Waliokubali walikuwa makundi matatu: Vanyar, Noldor na Teleri. Vanyar na Noldor walifika. Teleri walikuwa wengi na mwendo wao ulikuwa wa pole. Baadhi yao walipoiona milima mikubwa mbele wakaishia hapo. Baadhi walivuka bahari baadaye. Na baadhi walibaki upande wa huku, wakimtafuta mfalme wao Thingol aliyepotelea msituni. Hao waliobaki ndio Sindar, na lugha yao ndiyo Kisindarin. Kiquenya ni lugha ya ng'ambo.

Kila njia panda ya safari hii ni njia panda ya lugha. Linganisha maneno machache. "Baba" kwa Kiquenya ni atar, kwa Kisindarin ni adar: t iliyoko kati ya irabu mbili imelegea ikawa d. "Jiwe" ni ondo kwa Kiquenya na gond kwa Kisindarin: huyu amepoteza g ya mwanzo, yule amepoteza irabu ya mwisho. (Hiyo gond ndiyo unayoisikia kwenye Gondor, nchi ya mawe.) "Bata maji" ni alqua upande mmoja na alph upande wa pili. Mzizi wa "sema" ni quet- upande mmoja na ped- upande wa pili. Mzazi wao alikuwa na sauti kw. Kiquenya kikaitunza, Kisindarin kikaigeuza kuwa p.

Tolkien hakuiokota kanuni hiyo hewani. Katika lugha za Kiselti jambo hilohilo lilitokea kweli: "nne" kwa Kiayalandi ni ceathair, kwa Kiwelshi ni pedwar. Na sisi tunayo yetu. Mkiswahili anasema mvua na njaa. Mchewa anasema mvula na njala. Mkiswahili anasema mguu. Mganda anasema okugulu. Ile l iliyokuwa kati ya irabu, Kiswahili kimeidondosha. Neno moja laweza kuwa bahati tu, lakini maneno yakipangana hivi, hiyo ni kanuni, na kanuni ni ushahidi kwamba zamani tulikuwa nyumba moja.

Kwa hiyo jibu la kwanza la fumbo ni umbali. Hata watu wasiokufa, wakiacha kuongea wao kwa wao kwa miaka elfu kadhaa, hawataendelea kusema sawa.

Sauti moja iliyogawa familia

Lakini Noldor walikuwa wanaishi pamoja huko Valinor, na bado lugha yao ilibadilika. Hapa Tolkien anatupa kisa ambacho kwangu ni bora kuliko vita vyake vyote. Kimo kwenye insha aliyoandika mwishoni mwa miaka ya 1960, ikachapishwa 1996.

Zamani Noldor walikuwa na sauti th, kama yetu ya thelathini. Polepole wakaanza kuitamka s. Malkia wao, Míriel, aliitwa Therindë, yaani mshonaji, kwa ustadi wake wa kudarizi. Hakuyapenda mabadiliko hayo, akaomba jina lake, walau hilo, litamkwe kama zamani. Kisha akamzaa Fëanor. Uzazi ule ulimmaliza nguvu hata akachoka kuishi, akaiachilia roho yake. (Waelfi hawafi kwa uzee au maradhi, ila wanaweza kuuawa, na wanaweza kufa kwa huzuni.) Mfalme Finwë akaoa mke wa pili, Indis. Indis alitoka kwa Vanyar, watu waliokuwa bado wanatamka th, lakini kwa kuwa sasa alikuwa ameolewa kwa Noldor, akaamua kutamka s kama wao.

Kwake hiyo ilikuwa adabu ya mgeni. Fëanor akaiona ni tusi kwa mama yake. Kuanzia hapo akashikilia th kwa nguvu zote, akawafundisha wanawe vivyo hivyo, na sauti moja ikawa kipimo cha nani yuko upande wa nani.

Usifikiri ni mambo ya hadithini tu. Sikiliza watu wanavyotamka themanini na dhahabu. Wapo wanaosema semanini na zahabu, na wapo wanaowacheka. Mara nyingi anayecheka hana habari na sauti yenyewe. Anachotafuta ni kujua umetoka wapi na umesoma wapi. Wanaisimu wana somo zima linaloshughulikia jambo hili, isimujamii, na Fëanor angefaa kuwa mfano wa mhadhara wa kwanza.

Jibu la pili, basi, ni utambulisho. Sauti hubeba uaminifu, na watu huitunza au huiacha kwa ajili ya watu wengine.

Mfalme apiga lugha marufuku

Fëanor ndiye aliyetengeneza Silmaril, vito vitatu vyenye mwanga wa ile Miti Miwili. Adui, Morgoth, akaviiba na kukimbilia Dunia ya Kati. Fëanor na wanawe wakala kiapo kuvifuata. Walihitaji merikebu, na zilikuwa za Teleri wa Alqualondë. Teleri walipokataa kuzitoa, wakauawa. Elfi akamwua Elfi kwa mara ya kwanza.

Noldor waliporudi Dunia ya Kati walimkuta Thingol akitawala Sindar. Siri ilipofichuka, Thingol akatambua kwamba waliouawa walikuwa watu wa Olwë, ndugu yake wa tumbo moja. Akatoa amri: Kiquenya kisisikike tena katika milki yake. Noldor wakahamia Kisindarin kwa maisha ya kila siku, hata majina yao wakayageuza. Kiquenya hakikufa. Kilihamia kwenye elimu, nyimbo na ibada, kama Kilatini kilivyokuwa Ulaya. Ndiyo maana Galadriel, anapowaaga wasafiri katika The Lord of the Rings, huzuni yake anaiimba kwa Kiquenya.

Huku kwetu tunaijua amri ya namna hiyo. Shuleni Kenya, mtoto aliyenaswa akiongea lugha ya kwao alivishwa kibao shingoni, na Ngũgĩ wa Thiong'o ameliandika jambo hilo. Huko Wales, katika karne ya 19, watoto walivishwa kipande cha mti kwa kosa la kuongea Kiwelshi. Tolkien aliipa lugha ya mfalme anayepiga marufuku ladha ya Kiwelshi, lugha ambayo duniani kwetu ndiyo iliyopigwa marufuku. Na kuna tofauti moja ya kukumbuka: Thingol alikuwa akiadhibu mauaji. Wale watoto hawakuwa wamemwua mtu.

Watu wenye muda

Tumebakiwa na jibu moja, nalo linahitaji tuwajue Waelfi nyumbani kwao. Ni watu wa kutengeneza vitu na kuvipanga. Wanapenda kuhesabu kwa sita na kumi na mbili, na "mwaka" wao mkubwa, yén, una miaka yetu 144. Siku yao huanza jua linapozama, jambo ambalo msomaji wa pwani hatalishangaa, kwani kwake usiku wa kuamkia Ijumaa ni wa Ijumaa. Mtoto hupewa jina na baba na jingine na mama. Fëanor kwa baba ni Curufinwë. Jina tunalomjua nalo limetokana na lile la mama, lenye maana ya roho ya moto.

Huyo huyo Fëanor alibuni mwandiko, Tengwar, ambao ni somo la fonetiki. Herufi ya t na ya d zina umbo moja, ila ya d imeongezwa upinde wa pili. Hali ni hiyo kwa p na b. Kwa nini? Kwa sababu tofauti ya t na d mdomoni ni mtikisiko wa nyuzi za sauti tu, na yeye ameuchora mtikisiko huo.

Watu wa namna hii wanaitazama lugha kama kazi ya mikono. Na ndivyo Tolkien anavyojibu fumbo katika maandishi mafupi yaliyochapishwa pia 1996. Mwanadamu mmoja anamwuliza msomi wa Kielfi, Pengolodh, swali letu lilelile: ninyi msiokufa, kwa nini maneno yenu yamebadilika? Msomi anajibu kwamba wao nao wamo katika dunia inayobadilika, na kwamba hubadilisha maneno yao kwa kupenda, kama fundi anavyokirudia kitu alichotengeneza ili kiwe kizuri zaidi.

Umbali, utambulisho, kupenda. Tumeondoa kifo, na bado sababu tatu zimebaki, na zote tatu zinafanya kazi kwetu pia, juu ya ile ya watoto. Kwa hiyo ukisikia mtu analalamika kwamba vijana wanakiharibu Kiswahili, mwulize: ile l ya mvula, aliyeiharibu nani? Noldor waliosema s hawakuwa wavivu, na Fëanor hakukosea kuipenda sauti ya mama yake. Alikosea alipoifanya iwe kipimo cha nani ni adui.

Kama una dakika kumi, jaribu hili. Andika maneno kumi ya lugha ya kwenu, mambo ya kawaida: maji, moto, jicho, mvua. Mwombe jirani wa kabila jingine la Kibantu ayataje kwa lugha yake. Yapange mawili mawili na utafute sauti inayobadilika kila mara kwa namna ileile. Ukiipata, umeshaanza kufanya kazi ya Tolkien, ila wewe watu wako ni wa kweli.