Kivu Kaskazini: Kabine ikiwa na joto upande mmoja tu, dereva aangalie kwanza maji ya motere

Kati ya Butembo na Lubero, barabara ya kitaifa namba 2 inakata mstari wa Ikweta. Mtu wa mbali akisikia neno Ikweta anafikiria jua kali. Dereva anayetoka Butembo saa kumi na moja asubuhi kwenda kupakia viazi anajua mambo mengine. Ukungu umeshuka mpaka barabarani, kioo cha mbele kimefunikwa na mvuke, na abiria aliye karibu na mlango amejifunika koti mpaka masikioni. Lubero iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi baridi yake haina mchezo.

Ndiyo maana shofaji, ile mashine ya kuleta joto ndani ya kabine, si kitu cha anasa katika milima hii. Inapasha watu joto, lakini zaidi inakausha kioo ili dereva aone kona mbele ya kuifikia.

Lakini madereva wengi wa kamioneti wanalalamika jambo lile lile: upande mmoja wa kabine kuna joto, upande mwingine kunatoka upepo wa baridi. Ao joto linakuja wakati gari inapanda kwa nguvu, kisha linapotea gari ikisimama. Wengi wanazoea. Wanasema gari imezeeka, wanavaa koti lingine, safari inaendelea. Kumbe mara nyingi joto hilo lisilo sawa ni habari ya kwanza kwamba maji ya motere yamepungua. Na gari yenye kupungukiwa maji haipaswi kupanda mlima.

Joto linatoka wapi

Shofaji haina moto wake yenyewe. Inaazima joto la motere. Maji yanayopoza motere yanafikia nyuzi 80 hadi 90 hivi, na sehemu yake inapita katika tiyo mbili mpaka kwa radiateri ndogo iliyofichwa nyuma ya tablo. Tiyo moja inaleta maji ya moto, nyingine inayarudisha kwa motere. Vantilateri inasukuma hewa juu ya radiateri hiyo ndogo, na hewa inaingia ndani ya kabine ikiwa na joto.

Kati ya radiateri hiyo na matundu ya hewa kuna mlango mdogo unaochanganya hewa ya moto na ya baridi. Katika kamioneti za zamani, mlango huo unavutwa na kebo, na magari mengi ya wakati huo yana pia robine ndogo ya kufunga ao kufungua maji ya shofaji. Katika magari mapya, ambamo dereva na abiria kila mmoja anachagua joto lake, kila upande una mlango wake unaozungushwa na motere ndogo ya umeme.

Kwa hiyo, upande mmoja ukiwa baridi, kuna mambo mawili makubwa ya kuchunguza: maji ya moto hayafiki vizuri, ao yanafika lakini hewa haipiti mahali pake.

Tiyo mbili zinasema ukweli

Fundi mwenye kujua kazi haanzi kwa kufungua tablo. Anaanza kwa maji. Motere ikiwa baridi kabisa, anafungua kifuniko cha radiateri na kuangalia kama imejaa. Kufungua kifuniko wakati motere ina moto ni hatari kubwa: maji yanaruka na kuchoma uso na mikono.

Kama maji yamepungua, hewa inaingia katika mzunguko na kukaa ndani ya radiateri ndogo ya shofaji. Sehemu yenye maji inatoa joto, sehemu yenye hewa haitoi kitu. Ndipo upande mmoja wa kabine unabaki baridi. Alama nyingine ni sauti ya maji yanayochuruzika nyuma ya tablo, na joto linalorudi dereva akikanyaga mafuta.

Kutoa hewa hiyo hakuhitaji mashine ya bei. Gari inasimamishwa mahali pa mteremko, pua ikiangalia juu, na huko Butembo mahali pa namna hiyo hapakosi. Motere ikiwa bado baridi, kifuniko kinafunguliwa, shofaji inawekwa kwa joto la mwisho, kisha motere inawashwa. Inapopata joto pole pole, mapovu yanatoka na fundi anaongeza maji mpaka mapovu yaishe. Yasipoisha hata kidogo, kuna shaka kwamba jwenti ya kilase imeungua na moshi wa motere unaingia ndani ya maji. Hapo kazi imekuwa nyingine, na gari haipaswi kubeba mzigo.

Maji yakiwa yametosha na baridi ikiendelea, ni wakati wa kupima tiyo mbili za shofaji. Motere inaachwa ipate joto, inazimwa, kisha fundi anazigusa kwa uangalifu na kitambaa mkononi. Ya kuingiza ikiwa moto na ya kurudisha ikiwa vuguvugu tu, radiateri ndogo imeziba. Zote mbili zikiwa baridi, robine imefungwa ao maji hayazunguki. Zote mbili zikiwa moto sana, maji hayana kosa: ubaya uko kwa mlango wa hewa, kebo yake ao motere yake ndogo, ambayo mara nyingine inapiga ta-ta-ta nyuma ya tablo. Mwenye gari anayejua jambo hilo hawezi kuuziwa radiateri ambayo hahitaji.

Maji ya mto na kutu

Kwa nini radiateri ndogo inaziba? Tuseme dereva amepungukiwa maji njiani. Anajaza bidoni kwa mto na kumimina. Kesho vile vile. Maji hayo yanakuja na udongo na chumvi, na yakikaa ndani ya chuma yanaleta kutu. Uchafu wote unatafuta mahali pembamba pa kukaa, na njia za radiateri ya shofaji ni nyembamba sana.

Wengi wanaona kwamba antijeli ni dawa ya inchi za theluji, na kwamba huku kwetu maji hayagandi barabarani. Ni kweli hayagandi. Lakini antijeli inafanya kazi nyingine mbili: inazuia kutu, na inafanya maji yachelewe kuchemka. Watengenezaji wengi wa magari wanashauri nusu antijeli na nusu maji safi.

Radiateri ndogo iliyoziba inaweza kuoshwa. Tiyo zake mbili zinafunguliwa, na maji safi yanapitishwa kinyume, kutoka upande wa kurudisha kwenda upande wa kuingiza, bila nguvu nyingi, mpaka yatoke meupe. Nguvu ikizidi, radiateri inapasuka.

Radiateri hiyo ikitoboka, tapi ya sakafuni inalowana upande wa abiria, kioo kinajaa mvuke wenye mafuta mafuta, na kukiwa na antijeli harufu tamu inasikika. Katika garaje nyingi dawa ni moja: kuunganisha tiyo mbili pamoja ili maji yasipite tena kwa shofaji. Gari inatembea, na kwa siku chache ni msaada. Lakini dereva amepoteza kitu cha kukausha kioo, na pia amepoteza mlinzi wake.

Termostati iliyotupwa

Kuna dawa nyingine inayojulikana sana: kutoa termostati na kuitupa, eti motere isipate moto. Termostati ndiyo inayozuia maji mpaka motere ifikie joto lake. Isipokuwepo, katika mteremko na asubuhi ya baridi motere inabaki vuguvugu, inakula mafuta zaidi, na kabine nzima inakosa joto. Na kama radiateri kubwa imeziba, kutoa termostati hakuifungui.

Mshale unaweza kudanganya

Katika mlima, hesabu ya maji inabadilika. Kwa mita 2,000, maji ya wazi yanachemka kwa nyuzi 93 hivi, si 100. Ni kifuniko cha radiateri, kwa kubana maji, kinachofanya yavuke nyuzi 110 bila kuchemka. Kifuniko ambacho mpira wake umekufa ni kitu kidogo, lakini juu ya mlima kinaweza kuua motere.

Mshale wa joto kwenye tablo nao unahitaji maji ili kusema ukweli, kwa sababu kipimo chake kinakaa ndani ya maji. Yakishuka chini yake, kipimo kinabaki katika hewa, na mshale unaweza kutulia wakati motere inaungua. Shofaji kwa kawaida inasema mbele yake. Kamioneti inayopanda Kabasha, kutoka bonde la Rwindi kuelekea Kanyabayonga, ikianza ghafla kupuliza baridi hali shofaji imefunguliwa mpaka mwisho, hiyo ni amri ya kusimama.

Kama maji yapo lakini mshale unapanda, kufungua shofaji yote, hata watu wakitoka jasho, kunaondoa sehemu ya joto la motere mpaka kupatikane mahali pa kuegesha.

Kisha motere inazimwa, na kifuniko hakiguswi mpaka ipoe kabisa. Abiria watanung'unika, na mwenye viazi ataangalia saa yake. Watachelewa sokoni, lakini kamioneti itafika kwa motere yake.