Aliambiwa asiimbe mwezi mzima, akajifunza nyimbo za Krismasi kimya kimya

Mwishoni mwa Oktoba mwaka jana, mama yangu alirudi nyumbani Miyuji kutoka shuleni akiwa hana sauti. Nilimwamkia kama kawaida, "Shikamoo mama," akafungua mdomo kuitikia. Kilichotoka ni mkwaruzo, kama redio iliyopoteza stesheni. Akaniashiria kwa mkono kwamba nisiwe na wasiwasi, akaenda jikoni kuchemsha tangawizi.

Mama ana miaka 53. Ni mwalimu wa shule ya msingi, na kwa zaidi ya miaka 20 amekuwa mwimbaji wa sauti ya pili kwenye kwaya ya kanisa letu. Kazi zote mbili anazifanya kwa koo. Oktoba hapa Dodoma ni mwezi wa vumbi na upepo, na darasa lake lilikuwa kwenye maandalizi ya upimaji wa taifa wa darasa la nne. Mchana alipaza sauti ili watoto wa nyuma wamsikie, jioni alikwenda mazoezini. Sauti ilianza kukwaruza tangu Septemba. Akasema ni mafua tu, yatapita.

Hayakupita. Daktari wa masikio, pua na koo alimwingizia kamera ndogo akaona vinundu vidogo vinaanza kuota kwenye nyuzi za sauti. Maelekezo yake yalikuwa mafupi: siku saba asizungumze kabisa, hata kunong'ona. Baada ya hapo aanze kuongea kidogo kidogo. Kuimba, asahau kwa mwezi mzima.

Tukiwa kwenye bajaji kurudi nyumbani, mama alitoa daftari kwenye mkoba akaandika: "Sauti isiporudi nitafundishaje? Na mdogo wako atamalizaje chuo?" Akakaa kimya kidogo, kisha akaongeza mstari wa pili: "Na Krismasi?"

Kwaya ilikuwa inaanza kujifunza nyimbo nne mpya wiki iliyofuata.

Koo linavyochoka

Nyuzi za sauti ni mikunjo miwili midogo ndani ya koromeo. Tunapozungumza, hewa kutoka kwenye mapafu hupita katikati yake, nayo hugongana kwa kasi. Kwa mwanamke mtu mzima hugongana takriban mara 200 kwa sekunde. Kwa mwanamume ni kama mara 100 na zaidi kidogo. Piga hesabu: dakika moja ya sauti ya mwanamke ni migongano 12,000. Ukipaza sauti, inagongana kwa nguvu zaidi. Ndiyo maana walimu, wahubiri, makondakta wa daladala, wauzaji wa mnadani na waimbaji wamo kwenye kundi linaloumia koo kirahisi.

Mtu anayelima kwa jembe mfululizo huota sugu mkononi. Vinundu vya koo hutokea kwa namna inayofanana, pale nyuzi zinapogongana sana bila kupumzika. Habari njema ni kwamba vingi hupungua au huisha kwa kupumzisha sauti na kujifunza namna bora ya kuitumia, bila upasuaji.

Lakini mwimbaji aliyeambiwa anyamaze atajifunzaje wimbo? Swali hilo lilinipeleka kwa watu ambao kazi yao nzima ni koo: waimbaji wa opera.

Wanaofanya kazi kubwa bila kutoa sauti

Opera ni mchezo wa jukwaani ambao karibu maneno yote huimbwa. Huchukua saa mbili, tatu au zaidi, mara nyingi kwa lugha isiyo ya mwimbaji, na kwa kawaida bila kipaza sauti. Fani hiyo haiko mbali nasi kama tunavyodhani. Jirani zetu Kenya wana Rhoda Ondeng Wilhelmsen, mwimbaji wa opera anayefahamika.

Hakuna koo linaloweza kuimba mchezo mzima kwa nguvu zote kila siku ya mazoezi. Kwa hiyo waimbaji hawa hugawa kazi. Kwanza husoma maneno na kutafuta maana yake. Hutamka maneno kwa mapigo ya wimbo bila kuimba. Husoma nota na kuusikiliza wimbo kichwani. Hata wakifika kwenye mazoezi ya jukwaani, mara nyingi huimba kwa sauti nyepesi, au hushusha noti za juu, ili kuutunza uwezo wao kwa siku ya onyesho.

Mfano unaosimuliwa sana ni wa Maria Callas. Januari 1949, mjini Venice, Italia, alikuwa akiimba opera nzito ya Wagner, Die Walküre. Mwimbaji mwingine aliyepangwa kwenye opera ya Bellini, I Puritani, akaugua. Callas akaombwa kushika nafasi hiyo, akaijifunza kwa muda wa takriban wiki moja huku akiendelea kuimba ile ya kwanza. Callas pia alikuwa na uoni hafifu. Bila miwani hakuweza kumwona vizuri kiongozi wa okestra. Ilimlazimu muziki wote uwe umekaa kichwani kabla hajapanda jukwaani.

Ubongo haukai bure

Je, kuufikiria wimbo ni mazoezi kweli, au ni kujifariji?

Mwaka 1995, Alvaro Pascual-Leone na wenzake nchini Marekani walichapisha utafiti unaotajwa mpaka leo. Waliwafundisha watu zoezi rahisi la vidole vitano kwenye kinanda. Kundi moja lilicheza kwa vidole saa mbili kwa siku, siku tano. Kundi jingine lilikaa mbele ya kinanda kwa muda uleule likiwaza tu kwamba linacheza, bila kusogeza vidole. Walipopima ubongo, waliona eneo linaloongoza vidole limebadilika kwa makundi yote mawili. Kwa ustadi, waliowaza tu siku tano walifikia kiwango ambacho wenzao walikifikia siku ya tatu. Na walipopewa nafasi ya kucheza kwa vidole mara moja, walikaribia kuwafikia.

Kwa upande wa uimbaji, mwaka 2007 Boris Kleber na wenzake, Ujerumani, waliwapima waimbaji waliosomea fani hiyo wakiwa wanaimba kipande cha wimbo wa Kiitaliano, kisha wakiwa wanauimba moyoni tu. Maeneo mengi ya ubongo yaliyofanya kazi wakati wa kuimba yalifanya kazi pia walipokuwa kimya.

Ukifikiri vizuri, jambo hili si geni kwetu. Bibi yangu, Mgogo wa hapa hapa Dodoma, hucheka nikimweleza habari za watafiti. Anasema zamani msichana hakupewa ngoma ya muheme siku ya kwanza. Alikaa pembeni, akatazama mikono ya akina mama, akasikiliza, akaenda kuteka maji mdundo ukiwa bado unapiga kichwani. Siku aliyoikamata ngoma, tayari alikuwa anaijua. Hayati Hukwe Zawose, Mgogo aliyeipeleka ilimba na zeze kwenye majukwaa ya dunia, alitoka kwenye utamaduni huo wa kujifunza kwa sikio na kumbukumbu.

Mama chini ya mwarobaini

Mwalimu wa kwaya alimtumia mama karatasi za nota na sauti ya pili aliyoirekodi kwa simu. Kila siku saa 11 jioni, mama alitoa kigoda akakaa chini ya mwarobaini uani. Hivi ndivyo alivyofanya, na unaweza kumwiga.

Kwanza alitulia. Dakika tatu alifuatilia pumzi tu, inaingia, inatoka. Mawazo yalipokimbilia kwenye madaftari ya kusahihisha au ada ya chuo, hakujigombeza. Aliyaacha yapite akarudi kwenye pumzi. Mazoezi ya utulivu wa namna hii yaliingizwa kwenye programu ya hospitali na Jon Kabat-Zinn huko Massachusetts, Marekani, mwaka 1979, kusaidia wagonjwa wenye maumivu na msongo. Kwa mwimbaji, kazi yake ni moja: kuleta akili yote kwenye jambo lililo mbele yake.

Pili, alisoma maneno ya wimbo kama anasoma barua, bila muziki. Nani anaongea? Anamwambia nani? Wapi pana furaha, wapi pana ombi?

Tatu, alifuata nota kwa kidole akisikia do-re-mi kichwani. Kisha alisikiliza rekodi mara moja kulinganisha.

Nne, alifumba macho akaimba moyoni kuanzia mwanzo, huku akijiona amesimama mstari wake kanisani, anavuta pumzi pale inapotakiwa, anafungua mdomo kwa herufi "a".

Hapo ndipo alipogundua jambo ambalo liliniachia funzo. Siku ya tatu aliniandikia kwenye daftari: "Kumbe sijui kuimba peke yangu." Kila alipofika katikati ya wimbo, kichwani palikuwa giza. Miaka yote, sehemu ngumu alikuwa anazipita kwa kumfuata mwenzake wa kulia. Kwenye mazoezi ya sauti hakuwahi kuliona hilo, kwa sababu sauti ya jirani ilimbeba. Kimya kilimwonyesha pale pasipojulikana. Akaweka alama kwa penseli, na siku zilizofuata alianzia kwenye zile alama, si mwanzo wa wimbo.

Hakuzidisha dakika 20. Akili ikichoka, mtu hubaki anaota ndoto tu huku akidhani anafanya mazoezi.

Mipaka yake

Tusidanganyane. Mazoezi ya akilini hayachukui nafasi ya kuimba kwenyewe. Utafiti ule wa kinanda wenyewe unaonyesha kwamba waliotumia vidole walikuwa mbele. Kinachofaa ni kuchanganya vyote viwili. Tena, njia hii humfaa zaidi anayeijua fani tayari. Mama ana miaka 20 ya kwaya. Anajua noti ya juu inavyohisi kooni. Anayeanza leo hana kumbukumbu hiyo ya kuazima.

Pia, mtu akiimba moyoni, misuli ya koo inaweza kukaza kidogo bila yeye kujua. Kwa hiyo legeza mabega na taya, weka kiganja shingoni. Ukihisi koo linafanya kazi, acha, kunywa maji, pumzika.

Na ieleweke kwamba kuwaza nyimbo hakutibu vinundu. Kilichomsaidia mama kooni ni kunyamaza, maji ya kutosha, na kubadili namna ya kufundisha. Siku hizi anapiga makofi matatu kulituliza darasa badala ya kupaza sauti, na maelekezo yanayojirudia anayaandika ubaoni.

Msomaji, sauti ikikwaruza zaidi ya wiki tatu, usiendelee na tangawizi na asali peke yake. Nenda hospitali, ikiwezekana umwone daktari wa masikio, pua na koo. Usisubiri wiki hizo tatu ukiona damu kwenye makohozi, ukishindwa kumeza au kupumua vizuri, au ukipapasa uvimbe shingoni. Wavutaji wa sigara wawe waangalifu zaidi, kwa sababu kukwaruza kwa sauti kunaweza kuwa dalili ya saratani ya koo.

Nyimbo mbili kati ya nne

Mapema Desemba tulirudi kwa daktari. Vinundu vilikuwa vimepungua. Mama akaruhusiwa kuimba, lakini kwa muda mfupi na bila kusukuma.

Jioni ya kwanza mazoezini nilimsindikiza. Alisimama mahali pake. Maneno aliyajua yote, nota alizijua, hata zile sehemu za penseli alizipita bila kumtazama jirani. Lakini kwenye mstari mrefu wa wimbo wa pili pumzi ilimwishia njiani. Mapafu yalikuwa yamelala mwezi mzima. Akatabasamu, akanyamaza, akawaacha wenzake wamalizie.

Usiku wa Krismasi aliimba nyimbo mbili kati ya nne. Nyingine mbili alikaa kwenye benchi, karatasi mapajani, hakuzifungua. Niliona kidole chake kikipiga mapigo polepole juu ya goti, na kila walipofika mahali pa kuvuta pumzi, naye alivuta.

Januari shule ilipofunguliwa, alirudi darasani na sauti yake. Kigoda hakijaondoka chini ya mwarobaini. Kila Jumatatu saa 11 jioni, ukipita kwetu ukamkuta amefumba macho, usimwamshe. Yuko mazoezini.