Macho Hayana Pazia, na Kompyuta Inachungulia

Mama akipita mlangoni, anakutazama macho tu na anajua kama unasoma kweli au unachati. Sasa kompyuta nayo inafundishwa kazi hiyohiyo.

Wazo lenyewe si jipya. Miaka ya 1960, mwanasayansi wa Urusi ya Kisovieti, Alfred Yarbus, aliwaonyesha watu mchoro wa Ilya Repin: mwanamume anaingia nyumbani bila kutarajiwa, familia imeduwaa. Ukiwauliza watu hao wana umri gani, macho yanakimbilia nyuso. Ukiuliza kama ni matajiri, yanahamia kwenye nguo na fanicha. Picha ni ileile, ila swali likibadilika, njia ya macho nayo inabadilika.

Macho hayatelezi taratibu, yanaruka na kutua, kama mara 3 kwa sekunde. Ukisoma Kiswahili, yanatua hatua fupifupi kwenda kulia, halafu yanaruka kurudi mwanzo wa mstari. Ukisoma Kiarabu, kinyume chake. Kompyuta ikipewa mifano mingi ya mienendo hii, inaanza kukisia: huyu anasoma, yule anatazama video.

Inapatia? Kiasi. Mwaka 2011, Andreas Bulling na wenzake walichapisha jaribio la watu 8 waliovaa sensa kuzunguka macho. Walisoma, wakaandika, wakanakili maandishi, wakatazama video, wakaperuzi intaneti. Mashine ilipotaja mtu anafanya nini, ilikuwa sahihi kwa wastani wa asilimia 76. Yaani karibu mara moja kati ya nne, ilikosea.

Kwenye jaribio, kukosea si neno. Kwenye mtihani ni balaa. Tangu Covid, vyuo vingi vimetumia programu za kusimamia mitihani ya nyumbani kupitia kamera ya laptopu, na baadhi zinaweka alama ukitazama pembeni mara nyingi. Lakini watu wengi hutazama pembeni wakiwa wanafikiri! Na mdogo wako akiingia chumbani, utageuka tu. Mashine inaona macho yameenda wapi, haioni kwa nini.

Kwa hiyo ukiambiwa uwashe kamera, uliza mapema: video inahifadhiwa wapi na kwa muda gani? Nikiwekewa alama, kuna binadamu atakayeiangalia kabla sijaitwa mwizi wa mtihani? Uliza kwa maandishi, na jibu ulitunze.