Kuimarisha Njia ya Hewa ya Loki ya Difu

Loki ya hewa hukaa ndani ya difu na kazi yake ni moja: kuzifunga shafti mbili za ekseli ili magurudumu yote mawili yazunguke pamoja. Difu isiyofungwa huliacha gurudumu la nje lizunguke haraka kuliko la ndani gari linapokata kona, na barabarani hilo ni jambo jema. Porini ndipo tabu huanza. Gurudumu moja likining'inia juu ya korongo au likizama kwenye utelezi wa udongo wa mbuga, huzunguka bure, na lenzake lenye mshiko halisogei hata kidogo.

Aina inayojulikana zaidi ni Air Locker ya ARB, kampuni ya Australia iliyoanzishwa Melbourne mwaka 1975, ambayo mwaka 1987 iliununua ubunifu wa Roberts Diff-Lock na kuuendeleza. Loki nyingine hufungwa kwa mota ya umeme, kama zile ambazo Toyota huzifunga kiwandani kwenye baadhi ya Land Cruiser. Ya hewa inapendwa kwa sababu hufunga na kuachia papo hapo, na kompresa yake hujaza pia matairi. Afrika Mashariki huonekana sana kwenye Rhino Charge ya Kenya, mashindano yaliyoanza mwaka 1989 kuchangia uzio wa msitu wa Aberdare. Mshindi ni gari lililofika vituo vyote kwa umbali mfupi kuliko mengine, hivyo madereva hupasua vichaka na kupanda mawe badala ya kuzunguka. Hapo ndipo mrija mwembamba wa hewa chini ya gari hujulikana una thamani gani.

Hewa hutoka kwenye kompresa ya volti 12, mara nyingi chini ya boneti. Swichi ya shinikizo huizima na kuiwasha: kompresa za zamani za loki hufanya kazi kati ya psi 85 na 105, na nyingi za sasa kati ya 135 na 150. Kutoka hapo kuna valvu za solenoidi, moja kwa kila difu. Dereva akibonyeza swichi, valvu hufunguka na hewa hukimbia kwenye mrija hadi difuni. Akizima, valvu huziba upande wa kompresa na kuitoa hewa iliyomo mrijani kupitia tundu dogo la pembeni. Ndani ya difu hewa hupita kwenye bomba dogo la shaba hadi kwenye bweta la sili karibu na beringi, lenye oringi mbili zinazoizuia isitoroke wakati difu inazunguka. Kisha husukuma pistoni, na pistoni husogeza gia inayoifunga difu. Hewa ikitoka, springi huirudisha gia mahali pake.

Kiasi cha hewa kinachotumika ni kidogo mno, ndiyo maana mrija wa kiwandani ni wa nailoni wenye kipenyo cha milimita 5 au 6 tu. Kwa hiyo kuuimarisha mfumo hakumaanishi kuweka mrija mpana. Mrija mpana hauongezi nguvu ya loki, na huongeza hewa inayotakiwa kujazwa na kutolewa kila mara. Kinachotafutwa ni njia isiyokatika, isiyoyeyuka na isiyovuja.

Nailoni yenyewe si mbaya. Ikipita juu ya chasisi, ndani ya mpira wa kuikinga, mbali na joto, hudumu miaka mingi. Inapokufa ni pale inaporuka kutoka chasisi kwenda ekseli. Ekseli hupanda na kushuka kila gari linapopita shimo, na mrija hujikunja pale pale kila siku hadi upasuke. Matawi huunasa, mawe huusagia kwenye springi. Adui wa pili ni egzosi. Chuma cha egzosi hupita nyuzi joto 300 gari likipanda mlima kwa gia ndogo, na nailoni haihitaji hata kuigusa ili ilainike. Kukaa karibu nayo kunatosha.

Kabla ya kununua chochote, lazima ijulikane hewa inavujia wapi. Wengi hubadilisha mrija mzima kumbe ugonjwa uko ndani ya difu. Dalili zake hazifichiki kwa anayetazama: oringi za bweta la sili zikichakaa, hewa huingia kwenye nyumba ya difu na kutokea kwenye kipumulio ikitoa ukungu wa oili, au kipumulio kikiwa kimeziba, huisukuma oili ipite sili za ekseli hadi kwenye breki. Na loki ikizimwa, oili hurudi mrijani na kutemwa kwenye tundu la valvu chini ya boneti. Ukiona oili ya difu imetapakaa karibu na kompresa, mrija mpya hautasaidia kitu. Difu inatakiwa kufunguliwa.

Kama difu ni nzima, sehemu ya kuimarisha kwanza ni kile kipande cha kati ya chasisi na ekseli. Hapo hufungwa hozi ya tefloni iliyosukiwa waya wa chuma kisichoshika kutu. Tefloni hustahimili joto la kama nyuzi 260, na waya huikinga na jiwe na tawi. Walio na fedha hufunga hozi hiyo njia nzima kutoka valvu hadi difu. Hata hivyo, mfumo mchanganyiko una akili zaidi: nailoni iliyokingwa vizuri, au bomba gumu la chuma la aina ya paipu ya breki, juu ya chasisi, na hozi ya waya pale tu penye mwendo na joto.

Urefu wa hozi hupimwa ekseli ikiwa imening'inia kabisa, magurudumu hewani, kisha gari hushushwa kuona kama hozi iliyolegea haigusi springi, shafti wala egzosi. Ekseli ya mbele hupimwa pia usukani ukiwa umekatwa kulia na kushoto hadi mwisho. Njia salama ni ile ambayo mpira wa breki tayari unaipita, kwa kuwa kiwanda kiliichagua kwa mwendo huohuo. Lakini hozi isifungwe kwenye breki yenyewe. Waya uliosukwa ni kama tupa: ukisuguana na paipu ya breki au waya wa umeme, huo mwingine ndio huliwa. Hozi huvalishwa mpira au soksi ya plastiki kila inapogusana na kitu.

Nyuzi za viungo ndizo zinazosumbua mafundi kuliko hozi. Duka la vifaa Nairobi au Dar es Salaam huuza zaidi nyuzi za Kiingereza, na vifaa vya Marekani huja na za kwao. Za ukubwa wa moja ya nane hufanana kwa macho, ila ya Kiingereza ina nyuzi 28 kwa inchi na ya Kimarekani 27. Kiungo huingia mizunguko miwili mitatu kwa mkono kama kawaida, kisha hukaza ghafla; fundi huongeza spana, nyuzi za shaba huharibika, na hewa huvuja. Viungo vya hozi ya waya navyo hukutana kwa uso wa mshazari wa digrii 37. Havifai kuunganishwa na viungo vya breki vya digrii 45, hata nati ikikubali.

Tepu nyeupe ya mafundi bomba huwekwa kwenye nyuzi za mchongoko tu, ikianza uzi wa pili ili isichungulie ndani. Nyuso za mshazari na pete za kubana hazitaki tepu, kwa kuwa kinachoziba si nyuzi bali uso. Uchafu mdogo wa tepu ukifika kwenye valvu ya solenoidi hukaa chini ya kizibo chake, valvu ikawa inavuja hata ikizimwa. Kabla ya kufunga upande wa difu, kompresa huwashwa na hewa hupulizwa kwenye njia mpya kwa sekunde chache ili itoe vumbi na vipande vilivyobaki.

Valvu na kompresa hufungwa juu, mbali na maji, maana gari likivuka mto tundu la kutolea hewa halipaswi kuwa chini ya maji. Gari lenye tangi la hewa lenye shinikizo kubwa kuliko lile linaloruhusiwa na mtengenezaji wa loki linahitaji kipunguza shinikizo kabla ya valvu. Tangi hilo lina maji yanayotokana na hewa iliyobanwa. Hufunguliwa chini mara kwa mara yamwagike.

Baada ya kufunga, loki huwashwa gari likiwa limesimama, na kompresa huachwa ijizime. Ikiwaka tena yenyewe kabla ya dakika 15, kuna mvujo. Maji ya sabuni yakipakwa kwenye kila nati, mvujo mdogo hutoa mkufu wa mapovu madogo usiokatika. Mkubwa huyapuliza yote, na sikio hutosha. Povu kwenye tundu la valvu iliyozimwa ni uchafu ndani ya valvu. Njia nzima ikiwa kavu na kompresa bado inajiwasha, kinachobaki ni difu au valvu ya kompresa inayozuia hewa isirudi nyuma.

Hozi ya waya haikatwi wala kuunganishwa porini kwa kisu. Kwa hiyo kwenye boksi la spana huwekwa mita kadhaa za nailoni, viungo viwili vya kuchomeka kwa mkono, na kiungo cha kuunganisha nailoni hiyo kwenye tundu la difu na upande wa valvu. Mrija hukatwa wima kwa wembe. Koleo huuponda mdomo, na ukichomekwa hivyo hewa hutoka pembeni.