Je, Wajua? Usiku Mmoja Una Vipande 960

Ukipimwa usingizi kwa saa nane, usiku wako hukatwa vipande 960 vya sekunde 30. Mtaalamu hukagua kimoja kimoja: uko macho, usingizi mwepesi, mzito au wa ndoto? Kazi hiyo humla saa nzima au zaidi. Akili unde huimaliza kwa dakika chache.

• Kwa nini 30? Zamani mawimbi ya ubongo yalichorwa kwenye karatasi iliyokwenda sentimita moja kwa sekunde. Ukurasa wa sentimita 30 ulijaa kwa sekunde 30. Karatasi imetoweka, kompyuta imerithi kipimo.

• Wataalamu wawili wakisoma usiku uleule, hutofautiana katika kipande kimoja kati ya vitano au sita. Akili unde imefunzwa kwa majibu yao hayohayo.

• Mchonga mawe ya sabuni wa Tabaka, Kenya, anayekoroma na kukatika pumzi usingizini anaweza kupimwa kitandani kwake. Kibanio cha kidoleni hupenyeza mwanga na kusoma oksijeni. Lakini kwenye ngozi nyeusi, huweza kuonyesha oksijeni nyingi kuliko iliyopo. Akili unde ikilishwa namba hiyo, mgonjwa huenda akaambiwa ni mzima.