Barua ya Chuo Mkononi, Nauli Haipo

Katika miaka ya 1950, kijana wa Kenya aliyefaulu mitihani ya sekondari alikuta mlango mwembamba mbele yake. Nafasi za Makerere, kule Uganda, zilikuwa chache, na Chuo cha Ufundi cha Kifalme mjini Nairobi kilifunguliwa mwaka 1956 tu. Basi wengine waliviandikia vyuo vya Marekani, wakajibiwa kwa wema: nafasi ipo, na karo utasamehewa yote au sehemu yake. Lakini barua haina mabawa. Nauli ingetoka wapi?

Benki haikuwa kimbilio. Benki hukopesha mwenye dhamana, na mashamba mengi ya Waafrika hayakuwa na hati. Serikali ilikuwa imeanzisha mfuko wa mikopo ya elimu ya juu mwaka 1952, kwa wanaosoma nje ya Afrika Mashariki, lakini haukuweza kumfikia kila mwenye barua.

Mikono Mingi

Palipokosekana mkopeshaji, jamaa na majirani walikutana. Huyu aliuza ng'ombe, yule alitoa shilingi mbili. Karamu za chai ziliandaliwa, na wageni wakachangia kadiri ya uwezo wao. Haba na haba hujaza kibaba.

Mwaka 1959 Bwana Tom Mboya na rafiki zake wa Marekani waliona kwamba ndege moja ikikodiwa nzima, gharama ya kila msafiri itapungua. Septemba ya mwaka huo vijana 81 walipanda ndege kwenda New York. Miongoni mwa waliosaidia kuchangisha fedha Marekani walikuwa Jackie Robinson, mchezaji wa besiboli, Harry Belafonte, mwimbaji, na Sidney Poitier, mwigizaji. Mwaka 1960 mfuko wa hisani wa jamaa ya Kennedy ulitoa dola 100,000 kwa safari nyingine. Katika kundi la mwaka huo alikuwamo msichana aliyekwenda kusoma elimu ya viumbe huko Kansas: Wangari Maathai, aliyepata Tuzo ya Nobeli ya Amani mwaka 2004.

Hata hivyo, kufika hakukuwa mwisho wa taabu. Aliyesamehewa karo alihitaji bado chakula, malazi, vitabu na koti la baridi. Wengi walifanya kazi za mikono wakati wa likizo. Hapa pana fundisho kwa mzazi wa siku zote: kabla ya kumwaga mwana kwa furaha, hesabu gharama za mwaka wa pili na wa tatu, si za safari peke yake.

Deni Lisilo na Karatasi

Kenya huru ilianzisha mikopo ya wanafunzi wa chuo kikuu mwaka 1974. Waliokopa wengi hawakurudisha, na mwaka 1995 Bunge lilipitisha sheria ya kuunda bodi ya kukopesha na kudai. Kurudisha kuna maana, kwa kuwa shilingi inayorejea humlipia mwanafunzi anayefuata.

Aliyesomeshwa kwa ng'ombe wa mjomba na shilingi mbili za jirani hakutia sahihi mkataba wowote. Lakini deni analo. Hulilipa siku mtoto wa jirani yule anapopata barua yake ya chuo naye hana nauli.