Biskuti za mama zilizokataa kurudi

Harufu ya iliki ikinipiga puani, hata niwe katikati ya pilkapilka za Nairobi, fikira zangu hurudi katika ua wa nyumba yetu Mombasa, siku mbili kabla ya Idi. Mama ameketi juu ya kigoda, beseni mbele yake, nasi watoto tumemzunguka tukingoja kulamba mwiko. Anatengeneza nankhatai, zile biskuti za samli zinazovunjika mdomoni kabla ya kutafunwa.

Asili yake ni Bara Hindi, hasa Gujarat, na neno 'nan' kwa Kiajemi ni mkate. Lakini Pwani zimekaa hadi hakuna anayeziona ngeni. Siku ya Idi utazikuta siniani pamoja na visheti na kaimati.

Mama alifariki bila kuandika hata mstari mmoja wa mapishi yake, nami sikuwahi kumuuliza. Siku moja binti yangu akaniuliza, "Kwani biskuti za nyanya zilikuwa na nini ambacho hizi za dukani hazina?" Nikaona haya kwamba sina jibu.

Nikaingia jikoni. Mara ya kwanza nilitumia majarini, na kwa vile unga ulikataa kushikana, nikaongeza maziwa. Zikatoka ngumu kama kokoto. Mume wangu akasema zinafaa kujengea. Mara ya pili nilitia sukari ya chenga. Zikayeyuka na kutandaa kama chapati.

Wahenga walinena kuwa jungu kuu halikosi ukoko. Likizo ilipofika, nilimwendea mama mdogo, Mombasa. Nilipomwomba vipimo alicheka. "Mwanangu, unatia unga, unatia samli, mpaka ukubali."

Basi nikabuni njia. Kila alipochota kitu kwa mkono, nilikikinga kwa kikombe na kukipima kabla hakijaingia beseni. Nilipomweleza habari ya maziwa, alishika kiuno. "Nani alikwambia utie maziwa?"

Hapo ndipo palipokuwa na siri. Unga wa ngano ukikutana na maji na kukandwa, huvutana kama mpira, na biskuti huwa ngumu. Maziwa ni maji kwa sehemu kubwa, na majarini nayo ina maji ndani yake. Samli karibu haina maji kabisa.

Haya ndiyo niliyoandika siku hiyo:

Unga wa ngano gramu 250, samli iliyoganda gramu 150, sukari iliyosagwa laini gramu 125, iliki ya kutwanga kijiko kimoja cha chai, hamira ya unga nusu kijiko cha chai, na chumvi kidogo.

Piga samli na sukari kwa mwiko hadi ziwe nyeupe na nyepesi. Tia iliki. Chekecha unga pamoja na hamira na chumvi, kisha uongeze kidogo kidogo. Usikande, kusanya tu kwa viganja, joto la mkono litaushikanisha. Fanya viduara, bonyeza kidogo katikati, uvipange kwa nafasi. Oka kwa nyuzi 170 kwa dakika 15 hadi 20. Asiye na oveni atumie sufuria kubwa yenye mchanga chini na kupalia makaa juu ya kifuniko, kama walivyofanya mama zetu. Ziache zipoe kabla ya kuzigusa, kwani zikiwa moto huvunjika.

Mama mdogo alionja moja, akanyamaza kitambo. "Zimekaribia," akasema. "Iliki ya dada ilikuwa kali zaidi."

Sasa natia kijiko kimoja na nusu, na binti yangu ameyaandika yote katika daftari lake.

Mpenzi msomaji, ikiwa mama au nyanya yako yungali hai, usingoje. Mwendee na kikombe na kalamu. Mkono wake unajua mengi ambayo mdomo hauwezi kuyaeleza.